Sufuria ya Ugali

Ndani ya basi la Mpanda, mama aitwaye Sikujua aliona kwanza viganja vya mtoto aliyepakatwa kwenye kiti cha jirani: vyeupe, kama vya mwanawe aliyelala mapajani pake.

"Mpe juisi ya rozela, mwanangu, damu itajaa," bibi mmoja alimshauri mama wa mtoto.

"Tumempa mpaka anakojoa nyekundu, bibi! Daktari kasema chuma anacho, ila sumu ya madini ya risasi inauzuia mwili kukitumia kutengeneza damu. Baba yake huyeyusha betri za gari apate risasi ya kuzamishia nyavu, kwenye sufuria ya ugali."

"Si unaiosha?"

"Naisugua na majivu mpaka inang'aa, na bado risasi haitoki!"

Bibi akairudisha chupa yake ya rozela kikapuni.

Gari liliposimama Mpanda, Sikujua akamgusa yule mama bega. "Dada, hata mume wangu anayeyushia betri kwenye sufuria yetu."