Mzee Anyona na Kuku ya Mama Mkwe

Sasa turudi pale kwa kuku ya mama mkwe, maana jana Emily wa ofisi alinikatiza ati mayai yanangoja kupangwa kwa treyi. Emily, ukisikiliza hii sauti ninayorekodi, usirekebishe kitu, chapa tu vile imekuja.

Kwa wageni ambao hawajui: Mzee Alfayo Anyona anastaafu leo Ijumaa. Amefanya kazi kwa nyumba za kuku za ushirika wetu hapa Nyansiongo miaka ishirini na saba. Aliingia kijana mwembamba wa kukwangua mavi, anatoka msimamizi mwenye kitambi, na hiyo kitambi ni ya mayai yaliyopasuka. Sisi tunajua.

Haya, ile kuku. Anyona alikuwa ametoka kuoa juzi juzi. Mama mkwe wake akatoka Nyacheki na kuku nyeupe kwa kikapu, akamletea hapa hapa kazini. Na kwetu Wagusii, kuku ya mama mkwe unakataa vipi? Hata kumwangalia usoni huwezi, hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya wakwe. Akapokea akiangalia chini. Nyumbani kwake ni mbali, na kuichinja siku hiyo hiyo ingekuwa aibu, kwa hivyo akaiweka kwa nyumba ya kwanza pamoja na kuku za mayai, ikae kidogo. Kuku yenyewe ilikuwa inang'aa, inakula vizuri. Nani angejua?

Baadaye kuku zetu zikaanza kuinamisha kichwa. Ushungi ukapauka, mavi ikawa ya kijani na manjano, zikaanguka moja moja, halafu nyingi nyingi. Daktari Millicent Aluoch akapima, akatuambia ni bakteria, homa ya matumbo ya kuku. Sisi tukamwaga dawa kila mahali, nyumba ikanuka kama hospitali, tukaleta vifaranga wengine. Hao pia wakafa. Mzee Ratemo, mwenyekiti wa wakati huo, akasema, "Zikifa tena, tunafunga. Kila mtu arudi kwao achume chai." Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na bwana hana kazi.

Daktari akarudi, akatuonyesha makosa yetu polepole. Dawa ukiimwaga juu ya mavi, nguvu yake inaishia kwa mavi. Bakteria imekaa chini hapo imetulia, kwa nyufa za sakafu, kwa ule utelezi ndani ya vyombo vya maji, kwa panya, hata kwa gambuti yako, hizo buti za mpira. Tena akasema kuku inaweza kuugua, ipone, ibaki nayo ndani ikionekana mzima kabisa, na inamwaga ugonjwa kwa mavi.

Aliposema hivyo, Anyona akasimama mbele ya watu wote. "Ni mimi. Ile nyeupe ilikuwa ya mama mkwe, nilishindwa kukataa."

Ratemo akasema, "Basi ni wewe utasafisha."

Na alisafisha! Alitoa maranda yote ya zamani akachoma, akakwangua mpaka simiti ikaonekana, akaosha na sabuni, akaacha ikauke kabisa, ndiyo akaweka dawa. Akaziba nyufa na mashimo ya panya. Vyombo vya maji alisugua mpaka ndani kabisa. Halafu nyumba ikakaa tupu, sisi tunamcheka ati Anyona amejenga nyumba ya wageni. Vifaranga waliofuata walikua, wakataga, na mtoto wangu wa mgongoni leo ni mwalimu.

Tangu hapo, geti ni yake. Lazima ukanyage karai ya dawa. Gambuti za ndani hazitoki nje. Treyi zikienda Keroka sokoni hazirudi ndani bila kuoshwa. Pasta mmoja alikuja Sabato kutuombea na viatu vinang'aa, Anyona akamzuia: "Pasta, maombi yaingie, viatu vibaki." Pasta akaingia na gambuti ya mwenzetu Ombui, iliyotoboka, akaomba kwa kifupi sana. Mimi mwenyewe Anyona amenifukuza mara nyingi kwa sababu nafuga kuku nyumbani. Nilinuna, lakini nikaenda kubadilisha nguo.

Kitu kimoja tu hajawahi kufanya: kumwambia mama mkwe ile kuku ilifanya nini. Ataanzia wapi?

Mzee Anyona, asante mono, asante sana. Watoto wetu wamesoma kwa hiyo karai yako. Sasa nenda ukakae kwa ndizi zako na mama, uamke ukitaka, na Mungu akupe miaka mirefu yenye afya na...

Ngojeni, Emily anaita kwa dirisha. Anasema mama mkwe amefika kwa sherehe, mzee kabisa, na mkongojo, na chini ya kwapa ana kuku ya kumpongeza mkwe. Anyona amesimama getini na suti yake mpya, mkono kwa komeo, macho chini. Hafungui na hasemi. Wananiita mimi, maana mimi si mkwe wa mtu pale na mdomo ninao.

Naenda. Mama ataingia, kuku itabaki.