Kichupa cha Bwana Methusela

Mheshimiwa Liwali, Bwana Daktari, wazee wetu, shikamooni. Wauguzi na kina mama wenzangu wa Ngamiani, salaam aleikum.

Mimi ni Saleha, mama Hatibu. Darasa niliishia la nne, na mtoto mchanga hanipi usingizi, basi mnistahimilie. Kina mama wamenituma nimuage Bwana Methusela, dresa wa zahanati yetu anayestaafu leo, ambaye sisi wenyewe tulimbandika jina la Bwana Mikojo, naye akaliitikia.

Hatibu alitimiza miaka mitatu hajatamka neno. Mawifi wakaniambia, "Nyumba yako yanuka panya, fagia." Nikafagia. Harufu ilikuwa ya mtoto. Nikamzidishia maziwa, samaki na mayai. Mama gani asingempa? Na kila nilipompeleka zahanati nilimbadilisha winda mlangoni, kama tufanyavyo sote, maana nani atampelekea daktari mtoto mwenye mkojo?

Siku moja Bwana Methusela akaliona winda bichi kapuni.

"Mama, lete hilo."

"Naona haya, Bwana."

"Haya ya nini, na mimi ndiye Bwana Mikojo?"

Akalidondoshea dawa ya kichupa chake. Likageuka kijani.

Alinieleza mara mbili, polepole. Mwilini mna vitu mfano wa chachu, kila kimoja na kazi yake. Kimoja huvunja sehemu fulani ya maziwa, nyama na samaki. Hatibu alizaliwa bila hicho, basi sehemu ile ikajaa katika damu na kutokea kwenye mkojo, ndiyo ile harufu na ule ukijani, ikamdhuru ubongo wakati uleule mishipa ya fahamu ilipokuwa ikichipua na kuungana.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo ni mkono wangu?"

Akasema, "Mkono wako ulikuwa ukilisha mwana. Mimi ndiye niliyechelewa kuliona winda."

Hakuwa na kosa, lakini alinibebea nusu.

Ulaya wameanza kuwapa watoto hao chakula cha pekee, kisicho na sehemu ile, ila ni lazima waanze wangali wachanga. Hatibu ana miaka sita, hajaniita mama. Mdogo wake, Miraji, alipimwa akiwa na wiki sita. Winda halikugeuka rangi. Nililia hata nikashindwa kumfunga.

Kina mama, msibadilishe watoto mlangoni. Bwana Methusela, Mungu akupumzishe salama huko kwenu Usambara.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Naomba msinipigie makofi, kwani Hatibu yuko hapa na shangazi yake, naye huogopa kelele. Bwana Daktari, nipe tu jina la atakayekishika kile kichupa Jumatatu.