Hatua Tisa za Ndugu Yangu

Funga mlango, kitinda mimba wangu, ufunge kabisa, usiurudishe tu, na hiyo simu uliyoilaza kifudifudi kitandani pangu iweke pale dirishani ambapo wote tunaiona, kwa sababu maneno ya leo ni yenu watatu na sitaki dalali yeyote ayapate kabla sijamaliza kuyasema. Sogeeni, wanangu. Daktari alinitajia siku nilizobakiwa nazo, nami sikumwamini, lakini naona mwili wangu umeamua kumuunga mkono.

Binti yangu mkubwa, usinikunjie uso. Mume wako ameketi barazani na viatu vyake vya ngozi, na viatu hivyo vina udongo mweusi hadi kwenye kamba, na udongo mweusi katika shamba hili uko bondeni tu, ambako mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hana la kufanya. Pengine alikwenda kunyoosha miguu. Pengine alikwenda na yule bwana anayetafuta mahali pa kujenga maghala. Simshtaki, nasema nimeona.

Mnanijua. Mimi ndiye ninayehesabu mayai mbele ya muuzaji na nikifika nyumbani nayahesabu tena. Marehemu mama yenu alikuwa akisema nikifika mbinguni nitaomba kwanza kuonyeshwa hati ya kiwanja. Mlicheka, nami nikacheka nanyi, lakini hamkuniuliza hata siku moja ushuku huo niliutoa wapi. Leo nitawaambia, na mtakaponisikia msinikatize, pumzi niliyo nayo haitoshi kurudia.

Nilishika mnyororo wa mpima ardhi miaka ishirini na miwili. Yeye alisimama kwenye chombo chake, jicho kwenye lenzi, na mimi nilitembea na ncha ya mnyororo, nikaunyoosha, nikachomeka kijiti, nikaendelea mbele. Watu hudhani ardhi huibwa ofisini kwa kalamu. Huibwa shambani pia, na mshika mnyororo, akiulegeza kidogo au akiupitisha kando ya kichaka badala ya kukikata, kwa sababu mnyororo uliolegea unasoma urefu ule ule lakini unafunika ardhi pungufu. Niliona wengine wakifanya hivyo kwa wajane na kwa watu walio mbali, nikajifunza, nikanyamaza.

Babu yenu alipofariki tuligawana shamba hili mimi na baba yenu mkubwa, nusu kwa nusu. Mpima aliyekuja alikuwa bosi wangu, na mnyororo niliushika mimi. Tulianzia upande wa ndugu yangu kuja katikati, naye alikuwa amekaa kwenye gogo akituchekea, akiniambia nisichoke, atanipa chai nikimaliza. Nililegeza. Kila urefu wa mnyororo ulimpunja karibu nusu hatua, na tuliunyoosha mara ishirini, basi jiwe la mpaka lilipochimbiwa lilikuwa limeingia kwake hatua tisa, tangu barabarani hadi bondeni. Ndani ya hatua hizo tisa ipo chemchemi. Chai yake niliinywa.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu yeyote, na sasa mnajua kwa nini.

Ndugu yangu alikuwa akiutembea mpaka ule kwa miguu yake na kusema jiwe limesogea. Mimi niliapa kwamba halijasogea, na kwa kuwa lilikuwa kweli halijasogea, niliapa kwa sauti kubwa. Mpaka siku alipoleta majirani washuhudie, na jiwe likakutwa na alama mpya ya jembe la trekta ubavuni. Mwanangu wa kati, aliyekuwa akiendesha trekta ni wewe. Macho yote yalikugeukia, ukaniangalia mimi, ukingoja niseme kwamba jiwe limekwaruzwa tu. Nilijua limekwaruzwa tu. Nikasema mbele ya watu kwamba mwanangu ana tamaa, kwamba amelisukuma kwa jembe ili anipendeze, nikajifanya nalirudisha mahali pake, kumbe nililichimbia pale pale lilipokuwa, pa uongo. Watu wakaridhika. Wewe ukafunga begi. Miaka kumi na mmoja umechomelea mageti ya watu mjini na hujala chakula katika nyumba hii, na nilipoulizwa nilisema kijana ana kiburi.

Usiinuke. Nakuomba, mwanangu, nakuomba kama mtu mwingine yeyote anavyoweza kukuomba, usiinuke. Binti yangu, nipe maji.

Haya. Sasa Amana. Mnawajua watu wa Amana ya Ardhi, wenye ofisi ya chumba kimoja juu ya fundi viatu, na mnamjua yule mama anayetembea na mabuti ya mpira jua linawaka, ambaye mimi nilimwita Mama Buti na jina likamganda. Alipokuja mara ya kwanza, akasema kuna wenyeji wameungana walinde mashamba na misitu isikatwe viwanja, nilimwona tapeli wa wazi. Nani anamlipia mafuta ya pikipiki? Kwa nini anatabasamu? Nilikwenda nikakaa siku tatu kwa fundi viatu, nikijifanya nasubiri soli, nihesabu magari yatakayomleta mkubwa wao aliyejificha. Walipanda ngazi mwoka mikate, mwalimu mstaafu na mama mmoja mwenye mbuzi anayelalamikia uzio. Fundi alinishonea soli ambayo haikuwa imebanduka, akanidai, nikalipa.

Nikauchukua mkataba wao nikausoma mwaka mzima nikitafuta ndoano. Hawachukui shamba. Shamba linabaki lenu, mtalilima, mtawarithisha watoto wenu, hata kuuza mtauza mkitaka, ila likiwa zima na likibaki shamba. Wanachokichukua ni kimoja tu, haki ya kukataa, ili mtu akija kulikata viwanja, au kufukia bonde, au kufyeka msitu wa juu, awepo wa kumwambia hapana ambaye si ndugu na hanunuliki kwa sukari. Na wana sharti kwamba warithi wote watu wazima watie sahihi. Hilo nalo nililishuku. Nilidhani wanataka kutugombanisha.

Kisha Mama Buti akaja kupima. Alipima asubuhi, akapima tena mchana, akaja kukaa kwenye kiti hicho ulichokalia wewe, kitinda mimba, na mabuti yake akayaacha nje. Akaniambia shamba langu ni kubwa kuliko nusu, na la jirani ni dogo kuliko nusu, na mpaka umeingia kwake hatua tisa. Nikajua saa yake imefika, sasa atataja bei ya kunyamaza. Nilimwambia ataje. Hakuelewa. Nikamwambia tena, ataje, mimi ni mtu mzima. Akakunja karatasi zake za vipimo, akasema:

"Mzee, sisi hatuwezi kulinda mpaka wa uongo. Ukishaurekebisha, tuite."

Akavaa mabuti yake akaenda. Miaka miwili sikumwita, na kila nilipoona pikipiki barabarani nilijua amekwenda kunisema, wala hakunisema popote. Wanangu, nimeogopa watu wabaya maisha yangu yote na nikawaweza. Yule mama alinishinda kwa sababu sikupata pa kumkamata.

Wiki iliyopita nilimwita mama yenu mkubwa, mjane wa ndugu yangu. Alikaa mlangoni, hakuingia ndani. Nilimwambia yote, mnyororo, chemchemi, chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Na mtoto uliyemfukuza, umemwambia?"

Ndiyo maana umeitwa, mwanangu wa kati. Dada yako ametia sahihi asubuhi. Mdogo wako ametia, ananuna, najua ana mtu aliyemwahidi kitu, lakini ametia. Imebaki yako. Bila yako mkataba haupo, na nikifa shamba litakatwa mafungu matatu, na najua fungu lipi litakuwa ghala kabla udongo wa kaburi langu haujakauka. Ninaogopa hilo kuliko ninavyoogopa kufa. Nimelisema.

Lakini nisikilize. Hata toba yangu inanuka ujanja. Nakuomba radhi siku ile ile ninayohitaji sahihi yako, na ningekuwa wewe nisingemwamini baba huyu hata kidogo. Kwa hiyo nimefanya hivi. Jiwe litasogezwa hatua tisa kesho, utie sahihi au usitie. Karatasi ya kukiri iko kwa mama yenu mkubwa, si kwangu, na ndani nimeandika kwamba hukulisukuma lile jiwe na kwamba baba yako alikuwa anajua. Itasomwa mbele ya majirani wale wale, walio hai. Hununui kitu kwa kutia sahihi, na hukosi kitu kwa kukataa.

Nipandishieni mto. Hapo, basi.

Nyote, sikilizeni, sauti inaniacha. Mkataba ukiwepo, kila mwaka watu wa Amana hutembea mipaka ya mashamba wanayoyalinda. Tembeeni nao. Hawana mshahara mkubwa, wana miguu tu, waongezeeni yenu. Wapeni maji ya chemchemi, lakini muombeni kwanza mama yenu mkubwa, ni yake. Na washukuni. Someni kila karatasi wanayoleta, ulizeni mafuta analipa nani. Hawatachukia, mimi nimejaribu. Ila mkiwa mnashuku wengine, jishukuni na nyinyi, mimi nilishuku wote nikajiruka.

Binti yangu, mume wako msimwonee, huenda kweli alinyoosha miguu. Mwulize. Kitinda mimba, umenikasirikia, ni haki yako, kaa na dada yako msinizike mmenuniana.

Mungu awape... ngoja. Mungu awape usingizi mzuri. Awape jirani mnayeweza kumwangalia usoni. Wote watatu, sawa kwa sawa, sikulegeza mnyororo mahali popote. Baraka hii haina sharti la sahihi.

Mwanangu wa kati, karatasi iko mezani, na kalamu. Nimewaangalia watu maisha yangu yote. Nigeuzeni, nielekee ukutani. Ukitia, usiniambie. Usipotia, usiniambie.

Sitaangalia.