Kaburi la Kwanza la Mtaa wa Visiwani

Njooni karibu, wanangu, na wewe Tahir acha kusimama mlangoni kama mgeni, keti hapa nikuone, maana leo nitasema mimi na nyinyi mtasikiliza, na atakayenikatiza nitamfukuza chumbani japo sina nguvu ya kuinua hata kikombe. Nimewasikia mkinong'onezana ukumbini. Kinachoumwa ni mwili, masikio yangu mazima.

Nyumba hii, na ile ya mawe kule kisiwani Kudha, gawaneni kama sheria ya Mungu ilivyosema, msinitie aibu kwa kugombania milango. Cherehani nilishampa Wardah nikiwa na akili zangu, na kaka yake Tahir alikuwapo. Deni nililo nalo ni kwa Bi Layla, yule mama wa Kisomali mwenye kisima. Tulipoingia hapa Kismayo tukikimbia vita, watoto mgongoni na masufuria kichwani, ni yeye aliyetufungulia kisima chake akatuambia tuchote mpaka tutosheke, wala hakutuuliza ukoo wetu. Deni hilo halilipiki, lakini kila Idi apelekewe chakula kabla nyinyi hamjaonja.

Mtaa huu nimeuona ukiwa mchanga na miba. Wanaume walibeba mawe, sisi wanawake tukakandika kuta, tukasimamisha msikiti kabla nyumba zetu hazijapata milango, wallahi sijaona watu wachapakazi kama watu wetu. Lakini kwa wakubwa wa mji tulikuwa hatupo. Ndipo Wardah akaanza kwenda ofisini kwao kudai mtaa wetu utambuliwe, akarudishwa, akaketishwa juani, kesho yake akajifunga buibui akaenda tena. Mwanangu, nimekugombeza sana kwa kuunguza wali, lakini leo nasema mbele ya kaka yako kwamba najivunia kukuzaa. Juzi walipokisimamisha kibao cha Mtaa wa Visiwani, nilibebwa juu ya kiti changu nikakipapasa kwa mkono huu.

Hata Anwari, jirani yetu, alilia. Mimi na yeye tumenuniana tangu alipong'ang'ania mtaa uitwe Fuma, kwa kisiwa chao, na mimi nikataka uitwe Kudha, na siku ile ndiye aliyenishikia mwavuli. Nimemsamehe. Msimwambie mpaka nife, maana atajivuna.

Sasa sikilizeni neno lenyewe. Kabla hatujakubaliwa, afisa mmoja alimwambia Wardah, "Nyinyi hapa mnalala tu. Akifa mtu wenu mnampakia botini, mnampeleka kwenu." Niliposimuliwa nilimtukana, kisha nikakiri moyoni kwamba alisema kweli. Wazee wetu wote tumewarudisha visiwani. Leo mji umetupa na uwanja wa makaburi nyuma ya msikiti, umezungushiwa ukuta mzuri, na hakuna hata mmoja anayetaka mtu wake awe wa kwanza kulala mle. Kila nyumba inaingojea nyumba nyingine ianze.

Nanyi najua mlichopanga. Tahir ameficha madumu ya mafuta ya boti uani, eti ya kuvulia. Baba, hujui kudanganya tangu utoto wako. Mnataka kunipeleka Kudha nikalale ubavuni mwa baba yenu, pale mahali nilipoacha nafasi mwenyewe siku tuliyomzika, nikamwahidi kwamba nitamfuata. Baba yenu Faris alikuwa akiniita mchu wangu, yaani mtu wangu, kwa Kibajuni chetu, hata tulipokuwa tumegombana. Hakuna ninachokitamani kama kulala pale. Nalia, ndiyo, niacheni nilie.

Lakini nizikeni hapa. Mnasikia? Nizikeni hapa, niwafungulie watu njia. Wakiona Bi Barke yumo mle, hofu itawatoka, na wajukuu zangu wakiulizwa na mtu yeyote katika mji huu kwamba wao ni wa wapi, watakuwa na pa kumpeleka akaone. Wardah, utaniosha wewe, kwa maji ya kisima cha Bi Layla. Tahir ashuke kaburini anipokee. Anwari ashike jeneza mbele, na akianza hotuba mnyamazisheni.

Punguzeni taa... la, iacheni. Shikeni mikono yangu. Mungu awakunjulie riziki, awape watoto wenye haya na moyo, awaweke katika mtaa huu kwa amani, msihamishwe tena na mtu. Radhi zangu mnazo zote, sikubakisha kitu. Pendaneni.

Tahir... sogea, sauti inanikimbia. Yale mafuta usiyatupe. Mkishanizika, siku ya pili, nenda Kudha. Mfagilie baba yako kaburi lake, umsomee, umpe salamu zangu. Mwambie sikumsahau. Mwambie nimebaki na watoto... na ile nafasi... mwambie asiningojee.