Rangi ya Injini ya Babu yake Nesta

Benchi letu limeegemea ukuta wa ukumbi wa kanisa, hapa kijijini Cwm Hesgin, mahali ambapo mvua haikufikii ukikunja miguu. Ndani kuna meza ndefu, na juu yake tumejenga upya, kwa umbo dogo, reli ya bonde letu iliyong'olewa kabla hatujazaliwa: stesheni, daraja, mpaka choo cha mkuu wa stesheni. Huku kila mtu wa pili anaitwa Jones, kwa hiyo lakabu si utani, ni mahitaji. Yuko Wil Picha, mkusanyaji wa picha za zamani. Yuko Dai Kuku, mtamjua. Yuko Idwal Kamba, huyo hahitaji maelezo. Na yuko Nesta, aliyetengeneza kwa shaba mfano mdogo wa injini aliyoiendesha babu yake. Maonyesho ni kesho, rangi inataka usiku mzima kukauka, na injini bado iko uchi mapajani pake. Miguuni ana mikebe miwili ya rangi, nyekundu na kijani.

Nesta: Semeni moja, jamani! Nikikosea rangi, wale wapinzani wetu wa bonde la pili watanicheka mimi na babu yangu kaburini.

Wil: Kijani. Picha zangu zote zinasema.

Dai: Picha zako zote ni nyeusi na nyeupe!

Wil: Ndiyo utamu wake. Filamu za zamani zilikuwa haziioni nyekundu, zinaitoa nyeusi tii. Kwangu injini ni kijivujivu. Kwa hiyo kijani.

Dai: Au ilikuwa na vumbi.

Dai akafungua leso, akatoa kipande cha ubao. Reli ilipofungwa, mabehewa yaliuzwa kwa wakulima, wakafugia kuku. Dai ameshaingia mabanda ya wilaya nzima na kisu chake, anakwangua rangi huku anadonolewa.

Dai: Juu nyeupe ya mkulima, chini yake nyekundu. Bisha sasa.

Nesta: Hilo behewa, Dai. Mimi napaka injini.

Dai: Injini na mabehewa huvaa sare moja, kama kwaya.

Wil: Una hakika hiyo si damu ya kuku?

Idwal alikuwa anamaliza kipande cha mwisho cha mkate wa zabibu, bila kumuuliza mtu.

Idwal: Mnagombana bure, wote mko sawa. Kampuni ilikuwa bahili. Upande wa stesheni wakapaka kijani, maana wapiga picha walisimama huko. Upande wa mashamba, nyekundu, masalio ya rangi ya duka la nyama.

Wil: Acha kamba, wewe!

Idwal: Mama yangu aliiona. Ng'ombe nao wakaiona, maziwa yakakatika bonde zima. Ikabidi treni iwe inarudi kinyumenyume ili wasione nyekundu.

Dai: Mpaka lini?

Idwal: Mpaka ikafilisika. Unadhani reli ilikufa kwa nini?

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Nesta hakucheka, na nilipomwona anauma mdomo nikaona haya kwa niaba yetu sote.

Hapo akatokea Eluned, mke wa mchungaji mpya, kufuata birika la kanisa. Akachungulia dirishani, akaitazama meza yetu.

Eluned: Samahani, wazee wangu. Hiyo reli yenu ni ya mwaka gani?

Wil: Kabla ya vita vya kwanza, bila shaka.

Dai: Bila shaka mwaka ilipofungwa!

Wakatazamana. Miaka yote tumepigilia reli moja, kila mtu akiwa kwenye mwaka wake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Nesta: Babu aliajiriwa baada ya vita, akafa kabla haijafungwa. Kwenye miaka yenu hayumo hata siku moja! Wil, una picha ya wakati wake?

Wil: Mpiga picha alikuwa ameshahama.

Nesta: Dai?

Dai: Nyekundu yangu ni ya mwishoni kabisa.

Nesta: Na wale wa bonde la pili, wana nini?

Wil: Hawana kitu.

Nesta akafuta macho, akaisukuma mikebe yote miwili kwa kiatu.

Nesta: Mama mchungaji, ile rangi ya mlango wa ukumbi ilibaki?

Eluned: Ya buluu? Iko tele.

Nesta: Nipatie. Babu alipenda buluu. Kesho anayebisha aje na picha.

Wil: Nesta, huwezi! Wakiuliza umeitoa wapi, kwenye kibao tutaandika shahidi nani?

Idwal akakung'uta makombo kifuani.

Idwal: Andikeni jina la mama yangu.