Mama Micheline Mbayo, Mwenye Alitanguliza Colloque

Tata mupasta, bandugu, barafiki na balimu benye kufika, mi ni Stany, mudogo wa marehemu, tumbo moja, jamaa imenituma nisome maisha ya yaya yetu, dada yetu mukubwa, na naomba benye kuongea kule nyuma banyamaze kwanza.

Mama Micheline Mbayo alizaliwa Kamina, tarehe 9 mwezi wa sita 1976, mutoto wa kwanza wa tata Mbayo, mutumishi wa reli, na mama Mwadi, akasoma primaire palepale Kamina, secondaire hapa Kolwezi, akapata licence, ni kusema shahada ya chuo kikuu, ya Kiingereza kule Lubumbashi mu 2001, na tangu ile siku kila mutu alimwambia aende kutafsiria bakubwa ba mine, ba machimbo ya madini, kwenye banalipa muzuri, hakusikia, na mu 2009 akaingia ku institut moja ya hapa, kufundisha batoto ba Kolwezi mambo ya Amerika, sisi tukashangaa tu.

Aliolewa na tata Gracien Kitenge tarehe 16 mwezi wa nane 2003, Mungu akabapa batoto batatu, Joyeuse, Ariel na Abigaëlle, na bote banafanana naye kwa kichwa nguvu.

Baliishi Kasulo, mutaa ya hapa Kolwezi, kwenye majirani balichimba madini chini ya manyumba yabo mpaka ukuta ya chumba yake ya kulala ikapasuka, njo pale alianza kuandika kazi yake juu ya muji moja ya mukuba, ya shaba, kule Amerika, kwenye shimo ya mine ilikula maquartier, mitaa mizima, akaituma ku colloque, ni kusema mukutano ya balimu ba mambo ya Amerika, bakaikataa mara mbili, mwezi wa kumi na mbili 2024 bakaikubali, bakamwalika Grand-Bassam, muji ya zamani kando ya bahari, kule Côte d'Ivoire.

Mwezi uleule munganga aliona kivimbe mu tumbo, akapanga opération tarehe 6 mwezi wa tatu, na colloque ilikuwa tarehe 12. Tulimuketisha, bwana yake, mupasta, mi mwenyewe, tukaongea mpaka mate ikakauka, akatuitikia ndiyo, ndiyo, kesho yake akaenda peke yake kubadilisha tarehe ya opération, na sisi tukajua wakati valizi iko ku mulango.

Na huko, bandugu, saa yake ya kuongea bakaisogeza, ikaangukia pale bageni bengi balikuwa bamepelekwa kutembelea manyumba ya zamani na kuogelea, batu sita tu bakabakia, akabasomea yote, hakuruka hata mustari, na akarudi na furaha ya bibi arusi. Hiyo furaha njo ilinikasirisha zaidi. Joyeuse, mwenye alimusindikiza, anasema kule siku zote tatu hakuna mutu alimwita mugonjwa.

Alipasuliwa tarehe 27, ugonjwa ulikuwa umeshaenea, akatutoka tarehe 19 mwezi wa nane 2025, saa kumi na moja ya asubuhi. Munganga anasema zile juma tatu hazingebadilisha kitu, mi sijaamini, na benye kusema hapa ku matanga kama ni pepo ya bahari ilimufuata, babakie na maneno yabo, alikanyaga maji mara moja tu, na biatu mu mukono.

Jamaa inashukuru banganga na bainfirmiers benye kumuuguza, majirani ba Kasulo benye kutupikia na kulala nasi chini, na balimu benzake benye kumushikia masomo miezi yote hii, hata bale balimushauri aende, nabo pia, tunabashukuru.

Yaya, mi bado niko na kasirani na wewe. Ungerudi leo, ningekukataza tena ile safari, na wewe ungeenda tena. Pumzika sasa, kwa amani.