Mama Annonciata na Triga ya Gumegume

Baba Padri, wafiwa wenzetu, na ninyi nyote mliotoka Houston, Fort Worth, Euless na Carrollton kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi Aimable, mtoto wake wa pili, niwasomee maisha ya mama yetu, na mwenyewe aliagiza akiwa kitandani kwamba habari ya mwaka 1986 isirukwe.

Annonciata Nibigira alizaliwa tarehe 25 Machi 1959 huko Nyanza-Lac, Burundi, siku ya sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, ndipo akapewa jina hilo, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Melkiori, mhunzi. Alianza shule ya misheni mwaka 1967 akafika darasa la tano, kisha Mei 1972 mauaji yakaikimbiza familia hadi Baraka, Kongo, ambako hakupata shule tena, ila baba yake alimfundisha kuvukuta moto, kushika tupa na kutengeneza magobore ya wawindaji, kazi ambayo watu walisema si ya msichana, naye akaifanya mbele ya macho yao.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na baba yetu, marehemu Nazaire, wakajaliwa watoto watatu, Aurore, mimi na Liliane.

Mwaka 1986, baba yake akiwa safarini, mwindaji mmoja alileta gobore lenye triga ngumu, akataka ilainishwe siku hiyohiyo. Ndani ya bunduki ya namna hiyo kuna kijino cha chuma kinachoishika nyundo isianguke, na Mama, kwa haraka, alikipiga tupa kijino hicho hadi kikabaki kimeshika kwa ncha tu. Triga ikawa laini kweli. Mwindaji akalishindilia gobore na kuivuta nyundo nyuma ili akalijaribu, akampa mdogo wake Mama, Mjomba Lambert, amshikie, na Mjomba alipotaka kuliegemeza ukutani, mtutu ukiwa chini, likafyatuka lenyewe, risasi ikampiga gotini, na mguu wa kulia ukakatwa, akiwa na miaka ishirini na miwili. Mama hakugusa bunduki tena kwa miaka thelathini na miwili.

Mwaka 1996 vita vilituvusha ziwa hadi kambi ya Mtabila, Tanzania, ambako Baba alifariki kwa malaria mwaka 1999, na Mama akatulea kwa kufua majembe. Desemba 2007 tuliletwa Dallas, Mjomba Lambert akapelekwa Houston na familia yake. Mama alisafisha vyumba vya hoteli miaka mitatu, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha bawaba na vitasa hapa Garland, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 2023.

Kiwandani ndipo alipokutana na Bibi Carmel, Mmarekani, ambaye yuko nasi leo. Mwaka 2018 Bibi Carmel alifiwa na mumewe, aliyeacha bunduki ya gumegume, ya kizamani inayowashwa kwa cheche za jiwe, aliyoichonga kwa mikono yake, imekamilika isipokuwa triga, ambayo ilikuwa ngumu kiasi kwamba ukiivuta mtutu mzima unahama. Alimwomba Mama, ambaye alimjua kuwa binti wa mhunzi, aitazame. Mama alikataa, akarudi nyumbani, akashindwa kula, akampigia simu mdogo wake kwa spika, nami nikiwa nimekaa pale.

"Lambert, Carmel wa kiwandani ameniomba nitazame bunduki," alisema. "Nimekataa."

Mjomba akasema, "Dada, miaka yote hii hujaniuliza kama bado nina hasira."

"Unayo?"

"Nilikuwa nayo. Iliishia Mtabila. Wewe ndiye unayeibeba. Mwambie huyo mama akuletee, na mimi nitakuja kukaa hapo."

Alikuja kwa basi siku ya Ijumaa, akakaa kwenye gereji ya Aurore siku tisa, Mama akiitengeneza. Mama hakukigusa kijino kwa tupa hata mara moja, alisema kosa lilikuwa pale na halitarudiwa. Triga yenyewe ni bapa la chuma linalozunguka juu ya pini moja na kukisukuma kijino kiiachie nyundo, na aliona marehemu mume wa Carmel alitoboa tundu la pini mbali mno na kijino, ndiyo maana ilikuwa ngumu, kwa hiyo akakata bapa jipya, akatoboa tundu karibu zaidi, akafunga, akavuta, akafungua tena. Triga ya kwanza aliitupa kwa ugumu, ya pili kwa sababu ilikilalia kijino hata kabla ya kidole kuigusa, ya tatu akaiacha na nafasi ndogo, upana wa karatasi. Kisha, bila baruti, akaivuta nyundo ya bunduki nyuma na kukigonga kitako chake kwa nyundo ya mpira mara mia mbili, Mjomba akihesabu kwa sauti, na ile ya bunduki haikuanguka hata mara moja.

Walipokwenda kuijaribu uwanjani, Mjomba alisema hapigi mtu mwingine kabla yake. Alisimama kwa mguu wake wa bandia, akavuta, moshi ukatanda, akageuka kwa Mama akasema, "Mtutu haukuhama, dada." Mama alikaa chini kwenye majani, akalia hadi akamaliza.

Tangu hapo wachongaji wa bunduki hizo walimletea kazi kutoka hata Houston, na kila aliyetaka njia ya haraka alijibiwa na Mama kwa Kiingereza chake kifupi kwamba atasogeza pini, au mtu aichukue bunduki yake aende.

Juni 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa miezi minane, akiendelea kuhudhuria misa hata alipolazimika kubebwa kwa kiti, na alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mjomba Lambert. Ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa apatimenti yetu waliopika siku zote hizi, jumuiya ya Warundi na ndugu Wakongo, wafanyakazi wenzake waliobadilishana shifti ili waje, na Bibi Carmel aliyemsomea magazeti kila Jumapili.

Mama, umechoka kwa haki. Pumzika kwa amani, sisi tutakusanya tupa zako na kufunga mlango wa gereji.